Ukaguzi wa utendakazi: Jinsi unavyopangwa na faida yake kwa mlipa ushuru wa Eldoret

VITABU vya hesabu vinaweza kuwa safi ilhali mfereji u mkavu. Risiti zote zinaweza kuwapo, sahihi zikawekwa panapostahili, zabuni ikatangazwa magazetini kama sheria inavyotaka, na bado mwananchi akaikosa huduma ambayo fedha hizo zilitengewa.

Hapo ndipo unapojitokeza umuhimu wa ukaguzi wa utendakazi. Mkaguzi wa hesabu wa kawaida huuliza: pesa zilikwenda wapi, na je, zilitumiwa kwa mujibu wa sheria? Mkaguzi wa utendakazi huongeza swali la tatu: zilimletea nini mwananchi?

Kwa wakazi wa Eldoret, swali hilo lina uzito wa pekee. Mji huu, ulioanza mnamo 1910 kama posta ya shamba nambari 64, jina ambalo wenyeji waliligeuza kuwa Sisibo, ulipandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024. Ulikuwa wa tano nchini kupata hadhi hiyo, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Eldoret ilikuwa na wakazi 475,716, na Kaunti nzima ya Uasin Gishu watu 1,163,186. Kila mwaka kaunti hiyo hupokea zaidi ya shilingi bilioni 8 kama mgao wake wa mapato ya kitaifa. Aidha, hukusanya ada za soko, leseni za biashara, malipo ya kuegesha magari na kodi za ardhi.

Fedha hizo zote hukaguliwa. Lakini ukaguzi wa kina wa kutathmini kama huduma fulani inamfaa mwananchi hauwezi kufanywa kila mahali na kila mwaka. Ni lazima upangwe. Makala haya yanaeleza jinsi unavyopangwa, sheria inayouongoza, na nafasi aliyo nayo mlipa ushuru.

Nguzo tatu

Ukaguzi wa utendakazi husimama juu ya nguzo tatu: uwekevu, ufanisi na ufanikishaji wa malengo.

Tuchukue mfano wa dawa za zahanati. Uwekevu huuliza: je, dawa zilinunuliwa kwa bei nafuu bila kushusha ubora wake? Ufanisi huuliza: je, zilisafirishwa na kugawanywa kwa wakati, bila kupotea njiani wala kuharibikia ghalani? Nao ufanikishaji wa malengo huuliza: je, mgonjwa aliyefika zahanati alizipata, na je, idadi ya wanaotibiwa iliongezeka jinsi ilivyokusudiwa?

Nguzo moja inaweza kusimama ilhali nyingine imeanguka. Dawa zinaweza kununuliwa kwa bei ya chini kabisa, zikakaa katika ghala mjini Eldoret hadi muda wake wa matumizi ukapita, huku mama mgonjwa kule Moiben au Kesses akiambiwa akanunue katika duka la dawa. Hesabu za ununuzi zitakuwa sawa. Huduma itakuwa imekufa.

Baadhi ya wakaguzi huongeza nguzo mbili zaidi, yaani usawa katika kugawa huduma, na uhifadhi wa mazingira. Hata hivyo, zile tatu za kwanza ndizo zinazotajwa katika sheria ya Kenya.

Ukaguzi huu usichanganywe na ukaguzi wa kiuchunguzi, ambao huwasaka wezi na kukusanya ushahidi wa kupelekwa kortini. Mkaguzi wa utendakazi anaweza kugundua hasara kubwa isiyo na mwizi hata mmoja, bali mpango mbaya, uzembe, au idara mbili zinazofanya kazi ile ile bila kujuana.

Ulikotoka

Wazo hili lilienea ulimwenguni katika miaka ya 1970. Canada ililiweka katika sheria mnamo 1977, na Uingereza ikafuata mnamo 1983. Mnamo Oktoba 1977, Shirika la Kimataifa la Asasi Kuu za Ukaguzi (INTOSAI), lililokutana jijini Lima, Peru, lilipitisha azimio lililotambua kuwa kukagua utendakazi wa serikali ni jukumu muhimu sawa na kukagua uhalali wa matumizi. Shirika hilo ndilo linalotoa viwango vya kimataifa ambavyo wakaguzi wa Kenya pia huvifuata.

Humu nchini, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2003 ilimpa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mamlaka ya kuchunguza iwapo serikali inapata thamani ya pesa zake. Kisha Katiba ya 2010 ikaipa ofisi hiyo nguvu zaidi na uhuru.

Kifungu cha 229 cha Katiba kinasema kuwa ripoti ya ukaguzi sharti ithibitishe iwapo pesa za umma zimetumiwa kwa njia halali na pia kwa njia inayoleta matokeo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo msingi wa ukaguzi wa utendakazi. Mkaguzi Mkuu huhudumu kwa kipindi kimoja tu cha miaka minane, ili asiwe na haja ya kumpendeza yeyote kwa kutafuta kipindi cha pili.

Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015, katika sehemu ya 36, inamwagiza Mkaguzi Mkuu kuchunguza uwekevu, ufanisi na ufanikishaji wa malengo katika matumizi ya pesa za umma. Sehemu zinazofuata zinahusu ukaguzi wa kiuchunguzi na ukaguzi wa ununuzi.

Majirani zetu nao wana sheria za aina hiyo. Uganda na Tanzania zote zilipitisha sheria zao mnamo 2008. Nchini Tanzania kazi hii huitwa ukaguzi wa ufanisi, na ripoti zake hufikishwa Bungeni kila mwaka pamoja na zile za hesabu.

Funzo kutoka Bonde la Kerio

Mkazi wa Eldoret hahitaji kwenda mbali kuona kwa nini mipango inafaa kukaguliwa mapema. Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Kerio (KVDA), iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mnamo 1979, ina makao yake makuu mjini humu. Ndiyo iliyosimamia miradi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer katika kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet.

Kandarasi za mabwawa hayo zilitiwa sahihi mnamo 2017 na kampuni za Italia. Mnamo Septemba 2019, baada ya kamati ya kiufundi kuwasilisha ripoti yake, Rais Uhuru Kenyatta alifutilia mbali mradi wa Kimwarer, uliokuwa umetengewa shilingi bilioni 22.2. Kamati ilieleza kwamba hapakuwa na upembuzi yakinifu wa kutegemewa. Uliokuwapo ulikuwa umefanywa miaka 28 awali, tena kwa mradi unaofanana na huo.

Kuhusu Arror, serikali ilisema gharama ingeweza kupunguzwa kutoka shilingi bilioni 28.3 hadi bilioni 15.4.

Swali la nani ana hatia ni la mahakama, na makala haya hayaliingilii. Lakini yapo maswali mengine ambayo hayahitaji hakimu: Je, upembuzi ulikuwa wa karibuni? Je, ardhi ilikuwa imepatikana na wenyeji kukubaliana nayo? Je, gharama ililinganishwa na ya mabwawa mengine ya kiasi hicho? Je, nani alikuwa na jukumu la kusema "ngojeni kwanza"?

Hayo ndiyo maswali ya ukaguzi wa utendakazi. Yakiulizwa kabla ya pesa kutoka, huokoa mabilioni. Yakiulizwa baadaye, hubaki kuwa funzo tu, na mkulima wa bondeni huendelea kuyatazama mawingu.

Sambamba na hilo, uwanja wa kimataifa wa ndege wa Eldoret, uliofunguliwa mnamo 1997, ulizua mjadala mkali. Wafadhili wa kimataifa walilalamika kuwa Kenya ilikuwa na mahitaji mengine ya dharura, huku watetezi wake wakisema ungefungua uchumi wa Bonde la Ufa Kaskazini. Mkaguzi wa utendakazi hamwamulii yeyote katika ubishi wa aina hiyo. Yeye huuliza tu: malengo yaliyotajwa wakati wa kuomba fedha yalikuwa yapi, na yametimia kwa kiasi gani?

Hatua za kupanga

Ukaguzi mzuri huamuliwa kabla ya mkaguzi kufika uwanjani. Wataalamu hukubaliana kuhusu hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza ni kuteua mada. Mkaguzi huanza na orodha ndefu ya huduma na miradi, kisha huipima kwa maswali machache. Je, fedha zinazohusika ni nyingi? Je, hatari ya mambo kwenda mrama ni kubwa? Je, jambo lenyewe linagusa maisha ya watu wengi au wanyonge? Je, lilikaguliwa karibuni? Je, ushahidi unapatikana? Je, mapendekezo yatakayotolewa yanaweza kubadilisha chochote?

Dalili za hatari hutoka kwingi. Ziko katika ripoti za hesabu za miaka iliyopita, kumbukumbu za Bunge na mabunge ya kaunti, ripoti za Msimamizi wa Bajeti, habari za magazeti na malalamishi ya raia.

Chukulia mpango wa elimu ya ng'ambo wa Uasin Gishu, ambapo wazazi walilipa karo ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Mnamo 2023, baada ya wanafunzi kukwama na wazazi kuandamana mjini Eldoret, kamati ya Seneti iliuchunguza. Agosti mwaka huo washukiwa kadhaa walifikishwa mahakamani kwa mashtaka yaliyohusu zaidi ya shilingi bilioni 1. Walikana mashtaka hayo, na ni korti inayopima ukweli wake.

Kwa mpangaji wa ukaguzi, funzo ni jingine. Pesa zile zilitoka mifukoni mwa wazazi, baadhi yao wakiwa wameuza mashamba na mifugo, zikapitia akaunti ya hazina maalumu badala ya bajeti ya kawaida. Mpango wowote wa namna hiyo, unaobeba jina la serikali lakini fedha zake zikapita kando ya vitabu vilivyozoeleka, unastahili kupewa alama za juu katika orodha ya hatari tangu mwaka wake wa kwanza.

Hatua ya pili ni uchunguzi wa awali. Kabla ya kujifunga kwa mada, mkaguzi hutumia majuma kadhaa kuielewa huduma yenyewe. Husoma sheria, bajeti na mikataba. Huzungumza na wasimamizi, wahudumu wa ngazi ya chini na watumiaji wa huduma. Huchora njia ambayo shilingi hupitia tangu inapotengwa hadi inapogeuka kuwa huduma.

Uchunguzi huu una faida mbili. Kwanza, huonyesha tatizo liko wapi hasa. Pili, unaweza kumfanya mkaguzi aiache mada ikiwa hakuna tatizo kubwa au ikiwa data haipatikani. Kuacha mapema si aibu. Aibu ni kutumia mwaka mzima na kuandika ripoti isiyo na neno jipya.

Hatua ya tatu ni kuweka lengo, maswali na mipaka. Swali likiwa pana mno, jibu huwa maji ya mtungini: halina ladha. "Je, hospitali inafanya kazi vizuri?" si swali la ukaguzi. "Je, mgonjwa wa saratani husubiri kwa muda gani kabla ya kuanza tiba, na kwa nini?" ni swali la ukaguzi.

Mfano wa hakika upo. Mnamo Novemba 2012, afisi ya Mkaguzi Mkuu ilitoa ripoti ya utendakazi kuhusu huduma maalumu katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Haikujaribu kukagua hospitali nzima. Ilijifunga kwa jambo moja: muda ambao wagonjwa wa saratani, figo na moyo walilazimika kungoja.

Kwa mgonjwa wa kutoka Eldoret, jambo hilo halikuwa la Nairobi pekee. Wakati huo tiba ya saratani kwa miale katika hospitali za umma ilipatikana Kenyatta tu, safari ya zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Foleni iliyopimwa na wakaguzi ilikuwa foleni yake pia.

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1917 na ambayo ilifanywa shirika la serikali mnamo 1998, sasa ina kituo cha saratani na magonjwa sugu kiitwacho Chandaria. Swali lile lile la 2012 linaweza kuulizwa kwake, au kwa hospitali nyingine yoyote ya rufaa, na jibu likalinganishwa.

Hatua ya nne ni kuchagua vigezo. Mkaguzi hawezi kusema huduma ni mbovu kwa sababu yeye hakuipenda. Anahitaji kipimo. Kigezo kinaweza kutoka katika sheria, katika ahadi za Mpango wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano, katika mkataba wa huduma unaobandikwa ukutani, katika viwango vya msimamizi wa sekta, au katika utendakazi wa asasi nyingine zinazofanana.

Vigezo hivi hujadiliwa na asasi inayokaguliwa mwanzoni. Hii haimaanishi kuwa asasi hiyo inajichagulia mtihani. Maana yake ni kwamba baadaye haiwezi kudai haikujua ingepimwa kwa nini.

Hatua ya tano ni kupanga ushahidi na mbinu. Kwa kila swali, mpango hueleza ushahidi utakaohitajika, utakapotoka na jinsi utakavyochanganuliwa. Wakaguzi hutumia majedwali ambamo kila swali lina mstari wake: swali, kigezo, ushahidi, chanzo, mbinu na vikwazo vinavyotarajiwa. Jedwali hilo likijaa vyema, nusu ya kazi imekwisha. Safu ikibaki tupu, ni ishara kuwa swali hilo haliwezi kujibiwa.

Ushahidi wa karatasi peke yake hautoshi. Faili inaweza kusema kisima kilichimbwa. Sharti mtu aende akakione, ateketeke maji, na kumuuliza jirani kilifanya kazi mara ya mwisho lini. Kadhalika, kwa kuwa mkaguzi hawezi kufika kila zahanati, huchagua sampuli itakayowakilisha tarafa za mbali na zile za karibu na barabara ya lami.

Hatua ya sita ni kupanga watu, muda na gharama. Ukaguzi wa utendakazi huchukua miezi mingi, mara nyingine mwaka au zaidi. Mhasibu peke yake hatoshi. Ukaguzi wa barabara huhitaji mhandisi, wa hospitali huhitaji mtu wa tiba, na wa mazingira huhitaji mwanasayansi. Mpango husema nani atafanya nini, lini, na kwa fedha zipi, na pia nani atahakiki ubora wa kazi yao.

Mfano: Maji ya Eldoret

Ili kuonyesha jinsi hatua hizi zinavyoungana, hebu tufikirie mpango wa kukagua huduma ya maji mjini. Huu ni mfano wa maelezo tu. Haudai kwamba huduma hiyo ina kasoro hii au ile.

Maji ya Eldoret husambazwa na kampuni ya maji na usafi ya Eldoret (ELDOWAS) inayomilikiwa na umma. Vyanzo vyake vinajumuisha mabwawa ya Two Rivers, Ellegirini na Chebara. Bwawa la Chebara, kwenye mto Moiben, liko Elgeyo Marakwet, hali ambayo mara kwa mara imezusha mjadala kuhusu kaunti inayotoa maji inafaidi nini.

Mada inastahili kwa sababu inamgusa kila mkazi, na kwa sababu jiji linapanuka. Lengo linaweza kuwa: kubaini iwapo maji yanayozalishwa humfikia mwananchi kwa ufanisi na kwa usawa.

Maswali yanaweza kuwa matatu. Kwanza, ni kiasi gani cha maji hupotea kati ya mtambo na mita ya mteja, na kwa sababu zipi? Pili, je, mitaa ya vipato vya chini kama Langas na Huruma hupata maji kwa saa sawa na mitaa mingine? Tatu, je, miradi ya upanuzi huchaguliwa kwa kufuata mahitaji au kwa kufuata sauti kubwa?

Kigezo cha swali la kwanza kipo tayari. Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB) huhesabu upotevu usiozidi asilimia 25 kuwa unaokubalika, na chini ya asilimia 20 kuwa mzuri. Kwa miaka mingi wastani wa kitaifa umekuwa zaidi ya asilimia 40. Maana yake ni kuwa, kati ya kila mitungi 10 inayosafishwa kwa dawa na umeme uliolipiwa, zaidi ya minne haiingizi senti.

Ushahidi utatoka katika rekodi za mita kuu, bili, taarifa za mabomba yaliyopasuka, na mahojiano na wateja. Mkaguzi atalinganisha wiki ya kiangazi na wiki ya mvua. Atawahoji pia wauzaji wa maji ya mikokoteni, kwani bei yao hueleza mengi ambayo ripoti ya ofisini haisemi.

Kikwazo kinachotarajiwa ni mita zilizoharibika. Mpango mzuri hulitaja jambo hilo mapema na kueleza njia mbadala ya kukadiria, badala ya kulificha hadi ukurasa wa mwisho.

Ripoti ikishatolewa

Katiba inataka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti za hesabu ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika Juni 30. Bunge au bunge la kaunti nalo linapaswa kuijadili ripoti na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu baada ya kuipokea.

Ni katika hatua hii ambapo safari nyingi hukatika. Ripoti isiyojadiliwa ni dawa iliyoachwa kwenye kabati. Ndiyo sababu mpango wa ukaguzi wenyewe unapaswa kufikiria tangu mwanzo mapendekezo yatatekelezwa na nani, na ni lini wakaguzi watarudi kuangalia yaliyofanywa.

Mapendekezo yenye manufaa humtaja afisa, kitendo na muda. Kuandika kuwa "usimamizi uimarishwe" ni sawa na kutoandika lolote, kwa kuwa hakuna anayeweza kuulizwa baadaye iwapo ameimarisha.

Uhuru wa afisi nao ni muhimu. Baada ya kipindi cha Bw Edward Ouko kumalizika Agosti 2019, nchi ilikaa karibu mwaka mzima bila Mkaguzi Mkuu hadi Bi Nancy Gathungu alipoapishwa Julai 2020. Katika muda huo ripoti zilikwama kwa kukosa mtu mwenye mamlaka ya kuziidhinisha. Mpango ulio bora kiasi gani hauwezi kuziba pengo la aina hiyo.

Vilevile, kaunti zenyewe zina wajibu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka ziwe na wakaguzi wa ndani na kamati za ukaguzi. Hao ndio wanaopaswa kuliona tatizo kwanza, kabla halijafika Nairobi. Kaunti inayosubiri Mkaguzi Mkuu ayagundue makosa yake ni kama mwenye nyumba anayengoja jirani amwambie paa lake linavuja.

Nafasi ya mwananchi

Huenda msomaji akauliza: mimi si mhasibu, haya yananihusu nini?

Yanamhusu kwa njia nyingi. Mosi, Kifungu cha 35 cha Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamtaka afisa wa umma ajibu ombi ndani ya siku 21. Ombi la kuona mkataba wa kisima au orodha ya dawa zilizopelekwa zahanati ni ombi halali.

Pili, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mtu yeyote kuwasilisha malalamishi rasmi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Diwani anaweza kulipuuza lalama la barabarani, ila ombi lililosajiliwa kwa karani wa bunge huacha alama.

Tatu, kalenda ya bajeti iko wazi. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha wa kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Anayefika katika vikao vya umma kabla ya tarehe hizo huuliza maswali yangali na faida.

Nne, malalamishi yenye maelezo kamili humsaidia mpangaji wa ukaguzi kuteua mada. Barua inayosema "viongozi ni wezi" haimsaidii. Barua inayotaja jina la mradi, wadi, mwaka wa fedha, kiasi kilichotengwa na hali ilivyo leo ni kama taa gizani.

Mlipa ushuru anaweza hata kuiga njia ya mkaguzi mtaani kwake. Achague jambo moja. Aulize swali moja lililo wazi. Atafute ahadi iliyoandikwa, kisha ailinganishe na hali halisi. Aandike tarehe. Apige picha. Arudi baada ya miezi mitatu.

Miaka mingi Wakenya wamezoea kusubiri sakata izuke ndipo waulize pesa zilikwenda wapi. Wakati huo huwa zimekwenda. Mabwawa ya Kerio na machozi ya wazazi waliotarajia watoto wao wasome ng'ambo yanatufunza kuwa swali linalofaa ni lile linaloulizwa mapema, kwa utaratibu, na kwa kipimo kinachojulikana na wote.

Wahenga walisema usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukaguzi wa utendakazi uliopangwa vyema ndio jicho linaloona ufa ungali mwembamba. Kazi ya kuuziba itabaki kuwa ya viongozi, na ya kuwakumbusha itabaki kuwa yetu sisi tunaolipa.